Moto Ofisini: Tuuzuie Kabla ya Kuuzima

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto uliunguza Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, jengo lililokamilika mwaka 1941. Paa liliteketea, na ofisi kadhaa pamoja na kumbukumbu zilizokuwamo ziliharibika. Jengo lilifunguliwa upya Oktoba 2024, yaani miaka minne baadaye. Sisi tunaofundisha lugha huenda tukadhani kwamba habari za moto ni za wahandisi na polisi. Hata hivyo, tukitazama ofisi zetu tutaona karatasi za mitihani, tasnifu, mapazia na rafu za mbao. Moto haungependa karamu bora kuliko hiyo.

Katika makala haya tunaeleza jinsi moto unavyoanza kazini, jinsi ya kuuzuia na la kufanya ukitokea. Mwishoni tutagusa jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa lugha.

Moto huanzaje?

Moto huhitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni na joto. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Ofisini hatuwezi kuondoa hewa, na karatasi hatuwezi kuziondoa zote. Kinachobaki mikononi mwetu ni joto. Hivyo basi, kuzuia moto ofisini ni kuchunga vyanzo vya joto, na chanzo kikuu ni umeme.

Tuchukue mfano wa ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Fyuzi ya plagi yake haizidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 240, hiyo ni takriban wati 3,100. Birika la chai peke yake hutumia kama wati 2,000. Tukiongeza jiko dogo la umeme la wati 1,500, tayari tumevuka kiwango. Waya hupata moto polepole ndani ya ganda lake, na kama umepitishwa chini ya zulia au nyuma ya rafu ya vitabu, hakuna anayeuona. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla ya waya kuungua. Kwa hiyo, anayeizungushia karatasi ya sigara au kipande cha waya ili "isisumbue" amemwondoa mlinzi mlangoni.

Aidha, tuna tatizo la umeme kukatika. Mtu anachemsha maji, umeme unakatika, anasubiri, anachoka na kwenda nyumbani. Saa nne usiku umeme unarudi, birika linaanza kazi na ofisi haina mtu. Kanuni ni moja: umeme ukikatika, tuchomoe kila kitu chenye kutoa joto wakati huo huo, tusisubiri kuondoka.

Tukiuona moto

Kwanza tupige kelele au tubonyeze king'ora ili wenzetu wajue. Pili, mtu mmoja apige simu polisi kwa namba 999 au 112, kwa kuwa nchini Uganda kikosi cha zimamoto kiko chini ya polisi. Ndipo tuamue kama tutapambana nao.

Tupambane tu ikiwa moto ni mdogo, mfano wa ule ulio ndani ya pipa la takataka, na ikiwa mlango wa kutokea uko nyuma yetu. Kizimamoto cha kawaida cha poda hutoa poda kwa muda usiofika nusu dakika. Hakuna nafasi ya kusoma maelekezo wakati huo. Hatua ni nne: vuta pini, lenga shina la moto na si ndimi zake, bana mkono wa mtungi, kisha fagia kushoto na kulia.

Si kila mtungi unafaa kila moto. Maji yanafaa karatasi, mbao na nguo, lakini ni hatari kwenye umeme na kwenye mafuta yanayowaka. Mtungi wa gesi ya kaboni unafaa kompyuta na mashine ya fotokopi, kwa sababu haupitishi umeme wala hauachi uchafu. Tusishike mdomo wake mpana kwa mkono mtupu, kwani baridi yake huunguza ngozi. Mtungi wa poda unafaa aina nyingi, na mshale wa geji yake uwe kwenye rangi ya kijani. Ukiwa kwenye nyekundu, tunachokiona ukutani ni pambo.

Moto ukitushinda, tutoke na tufunge mlango nyuma yetu bila kuukomea. Mlango uliofungwa huchelewesha moshi, na moshi huua wengi kuliko ndimi za moto. Moshi wa moto hupanda juu. Kwa hiyo hewa nafuu iko karibu na sakafu, nasi tutambae. Tukutane mahali palipopangwa na tuhesabiane. Asirudi mtu kufuata mkoba au kompyuta.

Hapa tuseme wazi kuhusu vyuma vya madirishani na makufuli. Tumeviweka kuzuia wezi, lakini mlango wa dharura wenye kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja si mlango tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Nasi tuna haki ya kuuliza ufunguo uko wapi.

Kazi yetu watu wa lugha

Moto wa usiku huonwa kwanza na mlinzi, na wa alfajiri huonwa na mhudumu wa usafi. Je, matangazo ya usalama katika majengo yetu yameandikwa kwa lugha gani? Mengi ni ya Kiingereza pekee. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, na kimetumika jeshini na katika polisi tangu enzi za ukoloni. Mlinzi wa lango huenda anakifahamu kuliko Kiingereza cha tangazo.

Lakini kutafsiri tu hakutoshi. Linganisha sentensi hizi mbili: "Wafanyakazi wote wanashauriwa kuhakikisha kwamba vifaa vya umeme vimezimwa ipasavyo kabla ya kuondoka." Na hii: "Zima. Chomoa. Ndipo ufunge mlango." Ya kwanza ni sanifu, ila haimwamrishi mtu yeyote. Ya pili inamshika msomaji mkono. Tena tutofautishe istilahi: zimamoto ni kikosi, kizimamoto ni mtungi. Anayeambiwa "lete zimamoto" anaweza kukimbilia simu badala ya ukuta.

Tunapendekeza kwamba somo la uandishi muhula huu liwe na zoezi la kuandika tangazo la moto la maneno yasiyozidi ishirini, kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo husika. Mazuri yabandikwe kando ya vizimamoto vyetu, kwa idhini ya uongozi, baada ya kusomwa na walinzi wenyewe. Wasichokielewa wao kiandikwe upya.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, angalia birika.