Bambo la Shingoni

Je, wajua kwamba sindano inayopima kivimbe cha shingoni ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu mkononi? Ya damu kwa kawaida ni namba 21, yenye unene wa milimita 0.8 hivi. Ya shingoni huwa namba 25 au 27, yaani nusu milimita au chini ya hapo, kwa kuwa katika sindano namba ikipanda unene hushuka. Shabaha yake ni tezi ya thairoidi, iliyokaa chini ya kikoromeo na kulikumbatia bomba la hewa kwa mbawa mbili. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi, lakini homoni zake ndizo zinazouamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani.

Vivimbe katika tezi hiyo ni vingi kupita watu wanavyodhani. Kwa kupapasa vidole tu, daktari huvikuta kwa wanawake wapatao 5 katika kila 100, na kwa wanaume mmoja hivi. Akiwasha mashine ya altrasaundi, idadi inaruka: tafiti mbalimbali zimevikuta kwa watu 19 hadi 68 katika kila 100. Karibu vyote havina madhara. Kazi ya sindano ni kuwatenga wachache wanaohitaji kisu na wengi wanaopaswa kuachwa na shingo zao.

Mnunuzi wa nafaka hafungui gunia zima ajue kilichomo. Hulichoma bambo, akamimina punje kiganjani na kuzitazama. Daktari naye hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa hulala chali, mto chini ya mabega, kidevu juu. Huambiwa asimeze mate wala asiseme neno mpaka sindano itoke. Altrasaundi huonyesha ncha ilipofika, daktari huichezesha mbele na nyuma kwa sekunde chache, na seli zinazobanduka hupanda zenyewe ndani ya tundu. Wengi hawavuti hata bomba la sindano: tezi hii imejaa mishipa, na ukifyonza kwa nguvu utaondoka na damu badala ya seli. Huchomwa mara mbili tatu, kisha mtu huyo hufunga vifungo vya shati akaenda zake. Mshono hakuna.

Tone linalopatikana hutandazwa juu ya vioo. Kimoja hutumbukizwa kwenye spiriti papo hapo, kingine huachwa kikauke kwa hewa. Kilichokauka hupakwa rangi ya Giemsa, ile ile ambayo mkemia Gustav Giemsa wa Hamburg aliitangaza mwaka 1904 ili vijidudu vya malaria vionekane kwenye damu. Kwa hiyo maabara ya wilaya iliyozoea kusaka malaria mara nyingi inayo tayari rangi ya kusomea tezi. Adimu ni macho ya kusoma, na macho hayo hayaagizwi kwa katoni.

Njia yenyewe ina umri. Huko New York, Hayes Martin na Edward Ellis waliieleza mwaka 1930, ila sindano yao ilikuwa nene, namba 18, na madaktari wenzao wengi hawakuipokea. Iliyokuja kukubalika ni sindano nyembamba, katika hospitali ya Karolinska mjini Stockholm, kuanzia miaka ya 1950. Sixten Franzén, mmoja wa walioikuza, alitokea katika fani ya magonjwa ya damu. Mtu aliyezoea kusoma seli moja moja zilizotawanyika kiooni hakuona ajabu kuzisoma za tezi kwa namna hiyo hiyo.

Sasa, kiooni huonekana nini? Ute mwingi, ule ambamo tezi huhifadhi homoni zake, kwa kawaida ni habari njema. Seli nazo lazima zitoshe: kanuni inayofuatwa ni angalau mafungu sita, kila fungu likiwa na seli kumi au zaidi. Seli sitini, kutoka kwenye kivimbe chenye mamilioni kwa mamilioni! Lakini saratani ya papilari, iliyo ya kawaida kuliko nyingine zote za tezi hii, hujifichua hata kwa seli chache. Kiini cha seli hutanuka na kupauka, hupigwa mfereji kwa urefu wake, na mara nyingine sehemu ya ute wa seli hujipenyeza ndani ya kiini ikaonekana kama duara. Mwenye uzoefu akiona alama hizo pamoja hahitaji kuuliza zaidi.

Saratani ya folikali ndiyo inayoishinda sindano. Seli zake zaweza kufanana kabisa na za kivimbe kisicho na madhara. Kinachoifanya iwe saratani ni tabia yake ukingoni: imepasua ganda linaloizunguka, au imeingia kwenye mshipa wa damu. Bambo hueleza nafaka iliyomo. Haliwezi kueleza kama gunia limechanika. Ili kulijua hilo lazima nusu ya tezi iondolewe, ganda likatwe vipande vyembamba na kukaguliwa lote. Kati ya watu 10 wanaopasuliwa kwa jibu la shaka ya folikali, takriban 7 huambiwa baadaye kwamba haikuwa saratani. Tusiilaumu maabara kwa hilo. Seli zilizong'olewa mahali pake haziji na ramani.

Ndiyo maana wataalamu waliokutana Bethesda, nchini Marekani, mwaka 2007 waliyagawa majibu katika makundi sita, kuanzia "sampuli haitoshi" hadi "saratani", na katikati wakaacha nafasi rasmi ya shaka. Nadhani hilo ndilo jambo la kiungwana kuliko yote katika kipimo hiki: daktari anaruhusiwa kuandika kwamba hajui, na kila kiwango cha kutojua kina hatua yake.

Kwetu shaka hiyo ina uzito wa ziada. Penye upungufu wa madini joto, rovu huwa jingi na saratani ya folikali huchukua fungu kubwa zaidi. Chumvi yenye madini joto ikienea, papilari ndiyo inayotawala. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu ni sehemu zilizojulikana kwa rovu kwa miaka mingi. Yaani chumvi ya jikoni, bila ya mtu kukusudia, inaifanya sindano iwe hodari zaidi.

Uhodari nao una hasara zake. Korea Kusini ilipoanza mpango wa kitaifa wa kupima saratani mwaka 1999, hospitali nyingi ziliongeza altrasaundi ya shingo kwa malipo kidogo. Kufikia 2011, saratani ya thairoidi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993, na vifo havikubadilika. Maelfu waliotolewa tezi walibaki wakimeza vidonge vya homoni maisha yao yote. Madaktari kadhaa walipopaza sauti hadharani mwaka 2014, upasuaji ulishuka kwa asilimia 35 ndani ya mwaka mmoja.

Siku hizi miongozo mingi haipendekezi kuchoma kivimbe kisichofika sentimita moja, hata kikiwa na sura mbaya kwenye altrasaundi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Hospitali ya Kuma mjini Kobe, Japani, ilikwenda mbali zaidi: tangu 1993 iliwapa wagonjwa wenye papilari ndogo kuliko hapo, iliyokwisha kuthibitishwa kwa sindano, hiari ya kusubiri bila kupasuliwa. Katika wagonjwa 1,235 waliofuatiliwa hivyo, kwa makadirio ya miaka kumi uvimbe ulikua kwa asilimia 8 tu yao, na hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi ndio ambao vivimbe vyao vilikua kwa nadra kuliko wote.