Uokoaji wa Garbatulla Uanzie Garbatulla

Kutoka Isiolo mjini hadi Garbatulla ni zaidi ya kilomita 100, na ukishafika Garbatulla bado hujafika Sericho. Umbali huo ndio unaopaswa kuamua sura ya mradi wowote wa dharura katika eneo hili. Gari la zimamoto likiitwa kutoka mjini nyumba ikishika moto huku, litakuta majivu, hata dereva awe hodari namna gani. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kisheria hatuna upungufu mkubwa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za ambulensi, zimamoto na usimamizi wa majanga. Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufikishwa hospitalini kuwa sehemu ya matibabu hayo.

Ugumu huanza mipango inapochorwa kwa kuangalia miji ya wengine. Katika vitongoji vingi vya Marekani, kikosi kimoja cha zimamoto huzima moto, huhudumia waliojeruhiwa na huopoa waliozama. Hilo linawezekana kwa sababu kituo kiko dakika chache kutoka kila mlango. Garbatulla ni kaunti ndogo ya wadi tatu, Garbatulla, Kinna na Sericho, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 99,730 waliotawanyika katika nchi pana ya wafugaji. Ukileta huku gari la kikosi kile bila kuleta ukaribu wake, umeleta chuma.

Kwenye bajeti, ambulensi ni mstari mmoja. Mashinani ni madereva wa kupokezana zamu, mhudumu aliyesomea huduma za dharura, mafuta, tairi zinazohimili mawe, mtungi wa oksijeni uliojaa, na simu inayopokelewa saa nane za usiku. Kimoja kikikosekana, huduma imekatika, ingawa ripoti ya mwaka itaandika kwamba mradi umekamilika.

Chukua mfano wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Asipotibiwa, anaweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi. Dawa ya oksitosini, inayosaidia kuzuia damu hiyo, inatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, katika nchi ambayo jua la mchana halina huruma. Kwa hiyo friji ya zahanati inayotumia umeme wa jua, na muuguzi anayeishi jirani na zahanati hiyo, ni vifaa vya uokoaji sawasawa na ambulensi. Vikiwapo, mama anaweza kuhimili safari. Visipokuwapo, gari litakwenda mbio na huenda likafika na maiti.

Mvua nazo zina hesabu yake. Wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2023, mafuriko yaliharibu barabara na kutenga makazi kaskazini mwa Kenya. Laga, yaani mkondo wa msimu, iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi inaweza kujaa jioni na kusomba lori. Hapo king'ora hakina kazi. Kunahitajika kamba, maboya, jaketi za kuokolea na watu wanaojua maji yanapitika wapi. Watu hao wapo: ni wafugaji, madereva wa malori na vijana wa boda. Mara nyingi ndio wanaofika kwanza, tena mikono mitupu.

Mipango inayowajali watu wa aina hiyo imeshaonekana. Nchini Tanzania, mpango wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, na kuanzia 2022 ukaenezwa nchi nzima. Mtu anapiga 115 bila malipo, na ambulensi isipopatikana, dereva wa kijijini aliyesajiliwa anamchukua mama na kulipwa kwa simu. Hapa nyumbani, Isiolo ilikuwa kaunti ya kwanza kujaribu mfuko wa mabadiliko ya tabianchi ambao kamati za wadi ndizo zilizochagua miradi. Fedha hizo ziliimarisha dedha, yale mabaraza ya wazee wa Kiborana yanayosimamia malisho na maji, na zikakarabati maabara ya mifugo ya Garbatulla. Wananchi waliulizwa kwanza, wakataja walichokihitaji kweli. Kama tuliweza hivyo kwa ajili ya mifugo na malisho, tunaweza kwa ajili ya uhai wa binadamu.

Mahali pa kuanzia papo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini, wakapewa mikoba ya vifaa. Hao wafunzwe kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika na kumhudumia aliyeumwa na nyoka. Madereva wa boda na wa malori wasajiliwe na walipwe. Kila wadi iwe na ghala dogo la kamba, maboya, machela na vizima-moto, na ufunguo wake ukae kwa mtu anayelala hapo hapo. Shule za bweni zifanye mazoezi ya kutoka moto ukiwa haujawaka, kwa maana msiba wa moto wa shule ya Hillside Endarasha wa Septemba 2024, uliochukua wanafunzi 21, ulitosha kutufunza. Ambulensi ije juu ya msingi huo.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nendeni, enyi wakazi wa Garbatulla, Kinna na Sericho. Msiulize magari mangapi yatanunuliwa. Ulizeni mgonjwa wa Sericho atahudumiwa baada ya dakika ngapi, na nani, usiku wa mvua. Mpango usioweza kujibu swali hilo haustahili kupitishwa.