Funzo la Bwawa la Solai

Usiku wa tarehe 9 Mei mwaka 2018, wakati wa mvua kubwa za masika, ukuta wa udongo wa bwawa moja la shamba la watu binafsi ulibomoka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Maji yalizoa nyumba za wanavijiji waliokuwa bondeni, na watu wasiopungua 47 wakapoteza maisha, wakiwemo watoto wengi.

Ukuta wa udongo si kitu dhaifu. Ukishindiliwa vema na kutunzwa, hudumu miaka mingi. Lakini una maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni maji yanayopita juu yake: njia ya kutolea maji ya ziada ikiwa finyu au imeziba, bwawa hufurika na maji huumega ukuta kwa nje. Adui wa pili hujificha ndani: maji hupenya penye mashimo ya wanyama au mizizi iliyooza, yakachukua udongo kidogo kidogo mpaka yakafungua njia. Maji ya matope yakivuja chini ya ukuta, hatari imekwisha karibia.

Dalili hizo huonekana mapema iwapo yupo mtu mwenye dhamana ya kuzitazama. Baada ya maafa ya Solai, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya ilieleza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Hata hivyo, bwawa si kitu cha kufichika. Mwezi Julai 2018 watu 9 walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, baadhi yao wakiwa maofisa wa serikali. Mwaka 2020 hakimu aliwaachilia, kisha Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo.

Lakini hukumu yoyote, hata iwe ya haki namna gani, huja baada ya mazishi. Ukaguzi ndio unaotangulia. Mwenye shamba anamiliki ukuta na maji yaliyo nyuma yake, ila hamiliki maisha ya watu wa bondeni. Kwa hiyo usalama wa bwawa lake hauwezi kuachwa mikononi mwake peke yake.

Maafa yanapotokea, askari na polisi ni miongoni mwa wanaoitwa kufukua matope. Basi askari wa doria aonaye ufa ukutani au maji machafu yakivuja, na atoe taarifa siku hiyo hiyo. Huo nao ni ulinzi wa raia.