Kompyuta Ikikukataa, Anza na Vidole

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wajukuu zangu.

Pale Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, palikuwa na binti wa kidato cha pili aliyeazimwa kompyuta mpakato na kaka yake. Jioni moja akaandika nywila. Si sahihi. Akarudia kwa hasira, akivigonga vitufe mpaka bibi akauliza kutoka jikoni kulikoni. Si sahihi. "Bibi, imeingiwa na virusi hii!"

Virusi wapi! Tazama kushoto mwa kibodi, juu ya Shift: kitufe cha Caps Lock kilikuwa kimewashwa. Basi "mlima" ikawa "MLIMA", na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Skrini huonyesha vidoti tu, kosa hulioni. Bonyeza kijicho kilichochorwa mwishoni mwa kisanduku, usome ulichoandika. Kompyuta ndogo nyingine zina vituko zaidi: Num Lock ikiwashwa, j hutoa 1 na k hutoa 2.

Na ukisahau kweli? Wengi hudhani fundi wa mjini ataifukua nywila ya zamani. Hawezi. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauitunzi nywila yako. Huisaga kwa hesabu ukabaki na unga wake, na kila ukiandika, husaga upya na kulinganisha unga kwa unga. Nani amewahi kuurudisha unga ukawa mahindi? Ndiyo maana unaambiwa uweke mpya, kwa kutumia namba ya simu au barua pepe uliyosajili. Kama laini imepotea, kairudishe kwanza.

Zamani mambo yalikuwa wazi mno. Nywila za kompyuta zilianza mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa Fernando Corbató na wenzake, kwa sababu watu wengi walitumia mashine moja. Zote zilikaa kwenye faili moja, bila kusagwa. Mwaka 1962 Allan Scherr, aliyetaka muda mwingi kuliko aliopangiwa, aliomba faili hilo lichapishwe. Likachapishwa, akalichukua! Naye alikuwa msomi wa hapohapo chuoni.

Jambo jingine: nywila ni sahihi, lakini tovuti hazifunguki. Angalia tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi miaka ya nyuma kila kompyuta inapokatiwa umeme kabisa, na tovuti salama hugoma. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri. Haina gharama kubwa.

Binti wetu alizima Caps Lock, akaingia. Nanyi andikeni nywila zenu kwenye daftari linalofungiwa kabatini, si kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi. Na zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu, msimtajie yeyote anayepiga akijifanya mtoa huduma. Huyo ni ndugu yake yule tapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".