Seva ya Linux Inapokataa Kuwaka: Soma BIOS Kabla ya Kulaumu Diski

Soma swali hili taratibu, kisha ulisome tena:

"Baada ya likizo ya Desemba, seva ya shule inayotumia Linux iliwashwa. Feni zilizunguka, lakini skrini ilionyesha maandishi 'No bootable device'. Ndani ya BIOS, tarehe ilisomeka Januari 2012. Eleza chanzo cha tatizo na namna ya kulitatua."

Jibu linalokuja haraka ni kwamba diski kuu imekufa, au kwamba Linux iwekwe upya. Kwenye karatasi ya mtihani utapoteza alama. Kwenye seva halisi hasara ni kubwa zaidi: kuweka mfumo upya kunaweza kufuta matokeo ya wanafunzi na nukuu za walimu ilhali diski ni nzima kabisa.

Ufunguo wa swali ni tarehe. Saa ya kompyuta na mipangilio ya BIOS hutunzwa kwa msaada wa betri bapa ya volti 3, aina ya CR2032, iliyopachikwa kwenye ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi. Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme, hata kama imezimwa, betri hiyo haifanyi kazi kubwa. Umeme ukikatwa kabisa, betri hubeba mzigo peke yake. Wewe unayesoma Kibondo au Kasulu unaelewa jambo hili kuliko vitabu vingi vinavyolieleza. Kwa miaka mingi miji hiyo ilitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na Gridi ya Taifa, na radi za nyanda za juu za Kigoma hazina mchezo. Shule inayozima swichi kuu likizo ikianza inafanya jambo la busara. Lakini kompyuta ya mtumba yenye betri ya zamani inaweza isivuke likizo hiyo.

Betri ikiisha, BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hapo ndipo Linux huonekana imepotea. Kompyuta huweza kuanza kwa njia mbili. Njia ya zamani, inayoitwa Legacy, hutafuta msimbo wa kuanzia katika sekta ya kwanza ya diski. Njia mpya, UEFI, hutafuta faili katika sehemu ndogo ya diski yenye fomati ya FAT32. Kama Linux iliwekwa kwa UEFI, kisha mashine ikarudi kwenye Legacy, BIOS itatazama sekta ya kwanza, haitakuta msimbo, na itatangaza kwamba hakuna kifaa cha kuanzia. Diski ipo, na mafaili yapo. Mlango unaobishwa sio wenyewe.

Angalia pia nani anayelalamika. "No bootable device" ni kauli ya BIOS. Linux yenyewe bado haijasomwa. Ukiona "Kernel panic", basi BIOS na GRUB zimemaliza kazi yao na tatizo limetokea kwenye kerneli au baada yake. Mtahiniwa anayetaja hatua ambayo safari ya kuwaka imekatikia huonyesha kwamba hakukariri tu.

Kuthibitisha, washa seva kwa flashi yenye Linux bila kuweka chochote kwenye diski. Andika lsblk: diski ikionekana na sehemu zake zote, usiiguse. Amri smartctl -H itakupa hali ya afya yake. Kisha tazama kama folda /sys/firmware/efi ipo. Isipokuwepo, mashine imeanza kwa Legacy.

Usichanganye kisa hiki na kisa cha RAM isiyolingana. RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwa kuwa pengo lake liko mahali tofauti na volti zake si sawa. RAM za seva zenye rejista, hata zikiingia, haziwaki kwenye ubao mama wa kompyuta ya kawaida ya mezani. Dalili yake huwa ni milio ya pipi au skrini nyeusi. Ujumbe kuhusu diski hauhusiki hapo.

Jibu la swali, basi, liandikwe hivi: Betri ya CR2032 imeisha, hivyo BIOS imepoteza tarehe na mipangilio yake, na njia ya kuwaka imebadilika kutoka UEFI kwenda Legacy. Zima seva, chomoa waya wa umeme, badilisha betri. Washa, ingia BIOS, rudisha UEFI na uweke diski kuu iwe ya kwanza katika mpangilio wa kuanzia. Rekebisha tarehe na saa, kwani saa iliyorudi nyuma itafanya vyeti vya usalama vya tovuti vikataliwe hata intaneti ikiwepo. Hifadhi mipangilio, kisha uwashe upya. Kama bado haiwaki, tumia flashi na amri efibootmgr kuona kama jina la Linux limetoka kwenye orodha ya UEFI, na ulirudishe.