Kwa Nini Sungura Jike Hashiki Mimba

Wafugaji wa Rungwe huijua sana desturi ya ng'ombe: kila siku 21, au karibu na hapo, ng'ombe asiye na mimba hutaka dume. Basi wengi hudhani sungura naye ni vivyo hivyo. Humngojea jike aonyeshe dalili, na miezi hupita pasipo watoto. Lakini desturi ya sungura ni nyingine, nayo yafaa ijulikane.

Jike ana vifuko viwili vya mayai, ndani ya tumbo karibu na mgongo. Mayai hukomaa humo, lakini hayatoki mpaka apandwe. Apandwapo, habari hupita katika mishipa ya fahamu hata ubongoni. Chini ya ubongo iko tezi ndogo; nayo ikiamriwa, humwaga homoni katika damu. Homoni ni kama mjumbe achukuaye amri ya mkuu, na damu ndiyo njia yake. Ifikapo penye vifuko, damu huzidi kupita humo, na baada ya saa 10 hata 12 mayai hutoka.

Mahali lilipotoka yai huota nyama mpya yenye mishipa ya damu mingi mno. Nyama hiyo hutoa homoni ya pili, itunzayo mimba kwa muda wa siku 31 hivi mpaka jike azae.

Basi mfugaji na afanye hivi:

1. Tazama uke wa jike. Ukiwa mwekundu na umevimba kidogo, damu yapita vema, naye yu tayari. Ukiwa mweupe, ngoja siku chache.

2. Mpeleke jike katika kizimba cha dume, wala si dume kwa jike, maana jike hupigania mahali pake.

3. Usiwaweke majike wakubwa pamoja. Wakipandana wenyewe, mayai hutoka bure. Jike hupata mimba ya uongo ya siku 16 hata 18, hujinyofoa manyoya kama atakayezaa, wala hazai.

4. Mlishe vema. Jike aliyekonda hushika mimba kwa shida, na aliyenenepa mno vilevile.

5. Andika tarehe ya kumpandisha. Siku ya 28 mpe sanduku lenye majani makavu. Na kwa kuwa mvua za Tukuyu ni nyingi, kizimba kiinuliwe juu ya ardhi na kuezekwa vema, watoto wasife kwa baridi.