Daftari la tovuti: nani aamue kinachoandikwa?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufundishwa msemo huo. Mama anayeleta mchele wa Kahama hadi Rusumo anajua magunia mangapi yamevuka daraja, mangapi yamelipiwa na mangapi yamekopwa. Siku hizi wengi wa mama hao, na wengi wetu tuliorudi kutoka ukimbizini tukafungua biashara ndogo ndogo, tuna tovuti pia. Nayo tovuti ina daftari lake. Tofauti ni kwamba daftari hilo linaweza kujiandika lenyewe bila mwenye duka kushika kalamu, na mara nyingi mwenye duka hajui limeandika nini.

Nafundisha kompyuta sekondari, na wafanyabiashara wanajua pa kunipata Jumamosi. Swali wanaloniletea ni hili: fundi wa tovuti anataka aweke programu inayonasa kila anachofanya mteja, au tukae tuorodheshe wenyewe mambo ya kufuatilia? Kwa kawaida fundi mwenyewe amekwisha kuamua. Njia ya kwanza haimchukui muda, ya pili inamtaka akae na mwenye duka na kumsikiliza.

Njia ya kwanza, ya kiotomatiki, hufanya kazi hivi. Fundi anabandika mistari michache ya msimbo kwenye tovuti. Tangu hapo, kila mgeni anapofungua ukurasa, anapobofya kitufe au anapogusa fomu, programu inaandika na kupeleka taarifa kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza. Kampuni ya Kimarekani iitwayo Heap, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilijijengea jina kwa njia hiyo, na mwaka 2023 Contentsquare ya Ufaransa ilitangaza kuinunua. Mvuto wake si mdogo. Ukiuliza swali leo, unapata jibu la miezi iliyopita, kwa sababu kila kitu kiliandikwa kabla wewe hujafikiria kuuliza.

Njia ya pili ni ya mkono. Unaamua kwanza: nataka kujua watu wangapi waliangalia bei ya gunia, wangapi walibofya kitufe cha kuagiza, wangapi walilipa. Fundi anaandika msimbo kwa kila tukio na kulipa tukio hilo jina. Kisichoorodheshwa hakiandikwi. Ukija kukumbuka Desemba kwamba ulitaka kujua kama wateja wa Aprili walichagua mzigo ushushwe Rusumo au ufike Kigali, hakuna wa kukujibu. Daftari linaanza siku ulipolianzisha.

Ukisikia hivyo tu, utasema ya kwanza ndiyo bora. Tuangalie inavyokuwa dukani.

Google Analytics, ambayo wengi tunaitumia kwa kuwa haina malipo, inachanganya njia zote mbili. Toleo la zamani la bure liliacha kupokea takwimu Julai 1, 2023. Toleo lililoshika nafasi yake, ambalo ni la nne, likiwashiwa vipimo vyake vya ziada linaandika lenyewe kurasa zilizofunguliwa, mgeni aliyeshuka hadi asilimia 90 ya ukurasa, faili lililopakuliwa, na kiungo kilichompeleka mgeni kwenye tovuti nyingine. Hesabu nzuri, lakini haliandiki mauzo mpaka fundi alifundishe mauzo ni nini. Kitufe cha WhatsApp litakihesabu, kwa kuwa ni kiungo kinachotoka nje ya tovuti. Kitufe cha kupiga simu halitakihesabu kama hakikupangwa kwa mkono. Sasa fikiria mfanyabiashara ambaye wateja wake wanaona bei kisha wanampigia wapatane: daftari la kiotomatiki litamwonyesha waliosoma, na walionunua hatawaona.

Kwetu kuna na tatizo la lugha. Programu zinazonasa kila kitu hutambua kitufe kwa maneno yaliyoandikwa juu yake au kwa mahali kilipo katika ukurasa. Tovuti yenye lugha tatu ina "Gura", ina "Nunua", ina "Acheter". Kwa mwenye duka hicho ni kitufe kimoja. Kwa programu inayosoma maneno vinaweza kuwa vitatu, na siku fundi akibadilisha "Nunua" iwe "Agiza", hesabu inaanguka ghafla wakati biashara haijaanguka. Nimeona watu wakishusha bei kwa sababu ya takwimu za namna hiyo. Tukio lililopangwa kwa mkono lina jina moja, sema "agizo", na jina hilo halijali mteja anasoma Kinyarwanda au Kiswahili.

Hayo ni ya hesabu, na hesabu hurekebishwa. Jambo zito zaidi ni fomu.

Mixpanel, kampuni nyingine ya Marekani ya takwimu za tovuti, ilikuwa na huduma ya kiotomatiki iliyoiita Autotrack. Huduma hiyo ilitengenezwa kwa makusudi ili isichukue maneno ya siri ya wateja. Mwezi Machi 2017 kukatokea mabadiliko katika React, maktaba ya msimbo inayotumiwa na mafundi wengi duniani, na mabadiliko hayo yakafanya yaliyoandikwa kwenye visanduku vya fomu yanakiliwe mahali ambapo Autotrack ilikuwa na ruhusa ya kusoma. Basi ikasoma. Maneno ya siri yakaanza kusafiri hadi seva za Mixpanel bila mtu kuagiza. Januari 2018 mteja mmoja wa kampuni hiyo ndiye aliyeligundua jambo hilo, na mwezi uliofuata kampuni ikawaandikia wateja wake. Hapakuwa na mwizi. Ilikuwa mashine iliyoambiwa ichukue kila kitu isipokuwa vitu fulani, ikashindwa kuvitambua vitu hivyo vilipobadilisha mahali pa kukaa.

Wala si hao tu. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Ulaya walichapisha uchunguzi wa tovuti 100,000 zinazotembelewa zaidi. Walipoziangalia kutokea Ulaya, tovuti 1,844 zilikuwa zikipeleka anwani ya barua pepe ya mgeni kwa makampuni ya ufuatiliaji kabla mgeni hajabofya kitufe cha kutuma. Kutokea Marekani zilikuwa 2,950. Kwenye tovuti 52 lilinaswa hata neno la siri. Mtu ameandika, akasita, akafuta, akaondoka. Alichofuta kimeshaondoka kabla yake.

Geuza hayo yawe ya kwetu. Fomu ya tovuti ya msafirishaji wa mpakani inauliza jina, namba ya simu ambayo ndiyo hiyohiyo ya kutumia pesa, pengine na namba ya kitambulisho kwa ajili ya karatasi za forodha. Mama anaanza kujaza, anaona bei ya usafiri ni kubwa, anaacha. Yeye anaamini hakukupa kitu. Daftari linalojiandika huenda limeshampeleka yeye na kitambulisho chake kwenye seva ya nchi ambayo wewe na yeye hamjawahi kukanyaga.

Sisi tuliokulia ukimbizini tumeandikwa sana katika maisha yetu, na tunajua kuwa orodha hutengenezwa kwa sababu moja ikatumika kwa nyingine. Nchi hii inajua zaidi. Kabila liliwekwa kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, enzi za Wabelgiji, kwa ajili ya utawala. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilohilo lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kitambulisho cha leo hakilionyeshi. Silinganishi kitufe cha tovuti na kizuizi cha barabarani, na anayelinganisha anakosea. Nasema tu kwamba swali la "hiki tunakiandika cha nini?" lilipaswa kutufikia sisi kabla ya watu wengine, na fundi anayejibu "tutajua baadaye" hajalijibu.

Sheria nayo inaliuliza. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, inataka taarifa hizo zikusanywe kwa kusudi lililo wazi. Inataka pia zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa mhusika awe na cheti cha kuzihifadhi nje. Upande wa pili wa daraja, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwenye wateja pande zote mbili asidhani ni ya upande mmoja tu inayomhusu.

Kwa hiyo mimi, kwa duka la aina yetu, nachagua mkono. Chukua karatasi uandike maswali matano ambayo majibu yake yatakufanya ubadilishe kitu: bei, mzigo, mahali pa kushushia, saa ya kupokea simu. Swali ambalo jibu lake halitakubadilisha, lifute. Matano hayo ndiyo matukio yako, na kitufe cha simu kisikose. Kuhesabu kurasa zilizofunguliwa kunaweza kuachiwa mashine, hakuna ubaya.

Mwenye tovuti kubwa, yenye kurasa nyingi, ambaye haelewi wateja wanapotelea wapi, ana sababu ya kuwasha kinasa-yote kwa wiki mbili au tatu, atazame, kisha akizime na kupanga matukio yake kwa yale aliyoyaona. Lakini kabla ya siku ya kwanza fomu zote zifungiwe, na fundi asiaminiwe kwa neno tu. Kupima ni rahisi. Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza F12 katika kivinjari cha Chrome, nenda sehemu iliyoandikwa Network. Jaza fomu kwa jina la uongo usilolisahau, kisha usiitume. Tafuta jina hilo katika yale yanayotoka. Ukilikuta, muulize fundi linakwenda kwa nani. Usipolikuta usitulie moja kwa moja, maana kuna programu zinazofunga taarifa kabla ya kuzituma. Mwambie fundi akufungulie daftari lenyewe, mtazame pamoja.

Kuna watakaotaka kila kitu kibaki mikononi mwao. Kwa hao ipo Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe hapa nchini. Inamtaka fundi anayeijua, na mtu wa kuitunza.

Wanaobaki na Google wakumbuke kuwa taarifa za mgeni mmoja mmoja hufutwa baada ya miezi 2 kama hukubadilisha, na kwa huduma ya bure unaweza kuongeza hadi 14. Anayetaka kulinganisha mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana abadilishe leo. Akishaingia humo aangalie na jambo jingine: akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani. Mara nyingi ni ya fundi, na siku fundi akihamia kwingine, anaondoka na daftari la duka.